Tobiki tunacheka, lakini mashamba yako wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii haitakuwa fupi, mkitaka kukata kateni huku mwanzoni, kule kwenye habari za kisiwa cha Iejima mniachie. Juzi juzi msomaji wenu mmoja aliwaka kweli kweli kuhusu ile muvi ya zamani ya vichekesho, The Teahouse of the August Moon, ya mwaka 1956, akasema ni ya kutupwa jalalani na vilabu vya filamu vinavyoionyesha mpaka leo vinapaswa kuona haya, sababu yake kubwa ikiwa Marlon Brando, mzungu wa Omaha Nebraska, kapakwa rangi na kubandikwa macho ili aigize Mjapani.

Kwenye sura nampa haki yake. Ukiangalia leo unajikunja kwenye kiti, wigi jeusi, macho ya kubandika, Kiingereza cha kukatakata, na wakati huohuo Japani imejaa waigizaji wa maana, tena Machiko Kyo yumo humohumo kwenye muvi, dada aliyekuwa ameshaishangaza dunia na Rashomon, muvi ya Kijapani ya 1950, wanampa kazi ya kutabasamu na kupepea. Hilo sibishi. Ninachobishia ni kwamba kelele zote za sura zinatuziba macho tusione kitu kikubwa kuliko hicho ambacho muvi ile imekificha mchana kweupe, nacho ni ardhi.

Lakini kwanza, jamani, Sakini, yule mkalimani anayeigizwa na Brando, siyo Mjapani. Ni mtu wa Okinawa, na Okinawa ilikuwa ufalme unaojitegemea, Ryukyu, una mfalme wake pale Shuri, lugha yake, meli zake zinafanya biashara na China, wakaja Wajapani wa Satsuma wakauvamia mwaka 1609, afu Tokyo wakaufuta kabisa mwaka 1879 wakaufanya mkoa. Kwahiyo mtu anayekasirika kwamba Brando anaigiza Mjapani naye anarudia kosa lilelile la Hollywood, la kuwaweka wote kapu moja. Hata hao geisha wa kwenye muvi, wanawake wa kuburudisha wageni, ni mambo ya Kyoto na Tokyo, Naha, mji mkuu wa Okinawa, walikuwa na utamaduni wao wa mtaa wa Tsuji na wanawake wake walioitwa juri. Na kijiji chenyewe cha kwenye muvi, Tobiki, walikijenga Nara, Japani bara, mbali kabisa na Okinawa, mvua ikawasumbua, mwezi Mei 1956 Louis Calhern aliyekuwa anaigiza kanali akafariki hukohuko Nara, ikabidi aitwe Paul Ford ambaye alikuwa ameshaicheza nafasi hiyo jukwaani Broadway mpaka ameikariri, na sehemu iliyobaki wakaenda kuimalizia studio California.

Kwa ambao hawajaiona nitasimulia haraka. Ni mwaka mmoja hivi baada ya vita, jeshi la Marekani limeikalia Okinawa, na kuna kanali mmoja, Purdy, mtu wa mabango na makaratasi, ana kitu kinaitwa Mpango B uliotoka Washington. Mpango unasema kila kijiji kifundishwe demokrasia, kiwe na viwanda vidogo, wanawake wawe na umoja wao, na kijengwe shule yenye kuta tano kama Pentagoni. Kuta tano! Kwanini tano hakuna anayejua na hakuna anayeuliza. Kanali anasema waziwazi kwamba watu hawa watajifunza demokrasia hata ikibidi awapige risasi wote, na ukumbi mzima unacheka. Basi anamtuma Kapteni Fisby, anayeigizwa na Glenn Ford, mwalimu wa chuo aliyeharibu kila kitengo alichopangiwa, aende kijiji cha Tobiki na mkalimani wake Sakini.

Safari tu ya kwenda Tobiki ni darasa. Fisby yuko kwenye Jeep tayari kuondoka, anakuta bibi kizee kakaa juu ya mizigo, anataka ashushwe, Sakini anamweleza kwa upole kwanini haiwezekani, afu anatokea binti wa bibi, afu watoto wa binti, afu mbuzi wa watoto, na kila mmoja ana sababu ambayo huwezi kuikataa bila kuonekana huna utu. Kila aliyewahi kupanda gari la mradi kwenda kijijini hapa kwetu anaijua hiyo Jeep. Mimi kazi yangu ni ukalimani, semina za miradi, mikutano ya vijiji, mgeni anaongea kwa dakika nyingi kuhusu malengo na viashiria na mimi natakiwa nipeleke kwa wazee waliokaa chini ya mwembe, na nakwambia Mhariri, yule wa katikati ndo mwenye mkutano. Mgeni anadhani yeye, mwenyekiti wa kijiji anadhani yeye, ila aliyeshika kamba ni yule anayemeza sentensi hii na kuitema ile. Brando pamoja na mekapu yake yote hilo alilielewa, angalia anavyosubiri kidogo kabla ya kutafsiri, ile pozi ndogo, pale ndo anapoamua.

Na mwanzoni kabisa Sakini anatoka anaongea na sisi watazamaji moja kwa moja, kama Lufufu, yule msimuliaji wa muvi, enzi zile kwenye vibanda vya video anavyokuwa ndani ya muvi na nje ya muvi kwa wakati mmoja, anatuhesabia wote waliowahi kuitawala Okinawa, maharamia wa Kichina, wamisionari wa Kiingereza, mabwana wa vita wa Kijapani, na sasa wanamaji wa Marekani, afu anasema sisi tuna bahati, ustaarabu tunaletewa mpaka nyumbani hatuhitaji kuufuata. Anaisema bila kukunja uso. Kuna watu wanaona hapo Sakini anajidhalilisha, mi naona ndo sentensi kali kuliko zote ndani ya muvi nzima na imewekwa dakika za mwanzo wakati watu bado wanatafuta viti.

Tobiki wakifika demokrasia inaanza. Wanachagua meya, wanachagua mkuu wa polisi, mkuu wa kilimo, na bibi Higa Jiga anakuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake. Halafu mzee mmoja anamzawadia Fisby geisha, ndiye Machiko Kyo, yaani anampa mtu kama unavyompa mtu kuku, na geisha anapojaribu kumvua gwanda amvishe kimono Fisby anadhani anashambuliwa, wanakimbizana chumba kizima. Wanawake wa umoja wanakuja juu, mbona yule anapendelewa, ina maana hii demokrasia ni ya mmoja? Wanataka rangi za mdomo na manukato wote sawa, na wanataka wafundishwe mambo ya kigeisha nao. Fisby kaleta usawa, sasa anaulizwa usawa uko wapi. Wanapiga kura kwamba zile mbao za shule zijenge nyumba ya chai, kuna mzee anasema amezeeka na hajawahi kuketi kwenye nyumba ya chai hata siku moja, na kwa kuwa demokrasia ni kura, Fisby anabanwa na somo lake mwenyewe.

Biashara za ufundi zinakwama, wanatengeneza vikombe, makubazi, kofia za majani, wanaenda kuuza kambini wanarudi nazo zote wanalia. Wanachoweza ni kutengeneza pombe ya viazi vitamu. Kwa lugha yetu ni gongo, tusidanganyane. Wanamjaribia mbuzi kwanza, mbuzi hafi, simu zinaanza kulia, vilabu vya maofisa kisiwa kizima vinaagiza makreti, ushirika unatajirika. (Hiyo ya viazi ina ukweli ndani yake, viazi vitamu viliingia Okinawa kutoka China mwaka 1605 na ndivyo vilivyowalisha watu kwa karne nyingi, ila pombe yao ya asili, awamori, inatengenezwa kwa mchele.) Kanali anapiga simu anagundua kapteni wake amevaa kimono, anamtuma daktari wa akili akamchunguze, daktari naye akifika anaanza kuota kilimo cha mbolea ya asili na hatamani kuondoka. Mwisho kanali anakuja mwenyewe, anaamuru kila kitu kivunjwe, na kikishavunjwa Washington inapiga simu kusema Tobiki ndo kijiji cha mfano, wakubwa wanakuja kukitazama! Kanali anakaribia kulia. Hapo inajulikana kwamba wanakijiji hawakuvunja, walificha, na nyumba ya chai inasimama tena palepale mbele ya macho yetu.

Nimeisimulia hivyo ili ieleweke kwamba naipenda. Iliandikwa na watu wanaojua wanachokisema, riwaya ya 1951 ni ya Vern Sneider ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa utawala wa kijeshi Okinawa mwaka 1945, John Patrick akaigeuza tamthilia, ikafunguliwa Broadway Oktoba 1953, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, ikachezwa mara 1,027. Wamarekani wakanunua tiketi usiku baada ya usiku kwenda kuwacheka maofisa wao wenyewe. Taja mataifa mangapi yamefanya hivyo wakati jeshi lao bado liko kwenye nchi ya watu.

Na hapo kwenye hilo la bado ndipo ninapotaka tukae, manake wengi wanaiangalia kama stori ya zamani, vita viliisha, wakakaa kidogo, wakafundishana chai, wakaondoka. Hawakuondoka. Japani ilirudishiwa mamlaka yake tarehe 28 Aprili 1952, mkataba wa San Francisco ulipoanza kazi, lakini kifungu cha 3 cha mkataba huohuo kikaiacha Okinawa mikononi mwa Marekani, na ikabaki hivyo hadi tarehe 15 Mei 1972. Kwahiyo muvi ilipotoka, mwishoni mwa Novemba 1956, Purdy wa kweli bado walikuwa ofisini, na walikuwa na kazi nyingine kabisa kuliko kujenga shule za kuta tano.

Chukua Iejima, kisiwa kidogo pembeni ya Okinawa, palepale alipouawa mwandishi wa vita Ernie Pyle Aprili 1945. Jeshi lilikitaka kwa mazoezi ya kudondosha mabomu. Machi 1955 askari karibu 300 wakateremka, wakachoma na kuvunja nyumba za wakulima, wakapitisha katapila. Kulikuwa na mkulima mmoja, Ahagon Shoko, Mkristo, mtu mpole, ambaye ndoto yake ilikuwa kujenga chuo cha kilimo palepale kisiwani kwa mtindo wa vyuo vya wananchi vya Denmark. Yaani Mhariri, kwenye muvi Wamarekani wanahangaika kuwajengea wenyeji shule na wenyeji wanataka nyumba ya chai, kwenye maisha ya kweli mwenyeji ndo alikuwa anataka kujenga shule na Wamarekani wakaligeuza eneo kuwa shabaha ya mabomu. Huhitaji kuongeza chumvi.

Sasa sikia walichofanya. Walijiwekea kanuni za namna ya kuongea na Wamarekani, na nikizisoma mimi namuona Sakini kabisa ila bila kicheko. Mkienda kwenye mazungumzo kaeni chini. Msishike kitu mkononi. Msinyanyue mkono juu zaidi ya sikio, kwasababu wakipiga picha watasema mlitaka kupiga. Msipaze sauti, msikasirike, msiseme uongo, msiwatukane. Ile adabu ambayo kwenye muvi inachekesha, mwenyeji kuinama na kusema ndiyo bosi huku anafanya yake, kule ilikuwa njia ya kubaki hai, na ilikuwa imepangwa kwa akili na kuandikwa kwenye karatasi. Halafu tangu Julai 1955 hadi Februari mwaka uliofuata wakatembea Okinawa nzima kwa miguu wakiomba chakula, wakiwaambia watu kwamba kuomba ni aibu, ila aibu kubwa zaidi ni ya yule aliyewapora mashamba mpaka wakaomba. Mwezi huohuo wa Julai kwenye kisiwa kikuu cha Okinawa, pale Isahama, mashamba mazuri ya mpunga, askari wakaja usiku na silaha na katapila wakayazungushia uzio, na baadhi ya familia za pale baadaye zikahamia Brazil.

Mwaka 1956 wenyewe, Juni, ikatoka ripoti ya kamati ya bunge la Marekani iliyoongozwa na Melvin Price, ikaunga mkono wenye mashamba walipwe hela ya mara moja basi, yaani kodi ya miaka yote unapewa leo unaondoka, ikaruhusu na maeneo mapya yachukuliwe. Kisiwa kizima kikasimama. Makumi ya maelfu ya watu kwenye mikutano, walimu, wakulima, wanafunzi, mpaka wanasiasa waliokuwa wanajipendekeza kwa Wamarekani. Walibana kweli, na mpango wa hela ya mara moja ukaja kuachwa mwaka 1958. Lakini mashamba mengi hayakurudi, na mpaka leo mkoa wa Okinawa ambao ni asilimia 0.6 tu ya ardhi ya Japani unabeba karibu asilimia 70 ya eneo la kambi zinazotumiwa na jeshi la Marekani peke yake.

Piga hesabu ya kalenda hapo. Hao watu wako barabarani Juni na Julai 1956, mezani kuna ripoti ya Price, na miezi hiyohiyo kampuni ya MGM inatengeneza muvi ya vichekesho kuhusu kijiji cha Okinawa ambacho hakina uzio hata mmoja. Hakuna kambi inayoonekana inakula shamba. Hakuna uwanja wa ndege. Hakuna kaburi, wakati vita vile vya kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwishoni mwa Juni 1945 viliondoka na karibu robo ya raia wa kisiwa, na pale Mabuni kwenye mawe ya kumbukumbu yameandikwa majina zaidi ya 240,000, wa pande zote, hata Wamarekani wamo. Tobiki imesimama nzima, paa zote zipo, kila mtu ana babu yake na mbuzi wake. Mekapu ya Brando unaiona kwa macho, unakasirika, unaandika barua gazetini. Hii nyingine huioni kwasababu haipo, na kitu kisichokuwepo hakimkasirishi mtu.

Kuna linaloniuma zaidi, na hili nadhani ndo vichekesho vyenyewe ila hakuna aliyevitengenezea muvi wakati ule. Tarehe 25 Desemba 1956, muvi haijamaliza hata mwezi tangu itoke, watu wa Naha walipiga kura ya meya. Wakamchagua Senaga Kamejiro, mtu wa wananchi, mpinzani mkubwa wa Wamarekani, alikuwa ametoka jela mwaka huohuo. Kura halali, sanduku halali, Mpango B wenyewe umetimia. Wamarekani walifanya nini? Benki ikaizuia hela ya mji, ruzuku zikakatwa, maji yakakatwa. Wananchi wakafanya kitu ambacho sijawahi kukisikia popote duniani, walipanga foleni kulipa kodi! Watu wanakimbilia kulipa kodi kwa hiari yao ili meya wao asikwame. Baraza likapiga kura ya kutokuwa na imani naye, yeye akalivunja, uchaguzi wa baraza ukarudiwa, watu wake wakapata viti vya kutosha kuzuia. Basi Novemba 1957 Kamishna Mkuu, Luteni Jenerali James Moore, akabadilisha sheria zenyewe, kwamba wingi wa kawaida tu unatosha kumtoa meya, na aliyewahi kufungwa hagombei. Senaga akatoka hivyo. Mwaka 1970 watu wa Okinawa wakamchagua tena, safari hii kwenda bunge la Japani.

Weka hiyo pembeni ya kanali Purdy na demokrasia yake ya risasi. Kwenye muvi tunamcheka kwasababu ni mjinga, hajui anachofanya, ana moyo mzuri chini ya mabango yake, mwisho wa siku anapenda kijiji kama sisi. Ile ndo hila ya muvi, na sisemi waandishi walikusudia, ila kicheko kile kinamsamehe kabla hajashitakiwa. Jenerali wa Naha hakuwa mjinga. Alijua anachofanya, alikuwa na mwanasheria na kalamu. Kutoelewana kwa tamaduni, ile ya kimono na viatu vya mbao, ni kitu kizuri cha kuchekea, lakini Isahama hakukuwa na kutoelewana kokote, wakulima walielewa vizuri sana na askari walielewa vizuri sana, walichotofautiana ni nani alale pale kesho yake.

Sisi huku nyumbani tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengine. Kile kifungu cha 3 nilichokitaja kilisema Marekani ikitaka inaweza kuomba Okinawa iwe chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, mfumo uleule uliokuwa unaitawala Tanganyika wakati huo chini ya Mwingereza. Na mwaka 1951 Mwingereza aliwatoa Wameru kwa nguvu kule Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, ili wapewe walowezi. Kirilo Japhet akapanda ndege mwaka 1952 akaenda New York kuwasemea, mwafrika wa kijijini anaongea mbele ya Umoja wa Mataifa, hawakurudishiwa ardhi wakati ule lakini dunia ilisikia. Aliweza kwenda kwasababu tulikuwa nchi ya udhamini, kulikuwa na mlango wa kugonga. Marekani haikuomba kamwe Okinawa iwe ya udhamini, ikaishikilia hivyohivyo miaka 20, na Ahagon na wenzake hawakuwa na mlango huo, ndo maana wakatembea kwa miguu. Hii nimeiweka ili msomaji mwenzangu asidhani ni mambo ya mbali ya watu wa mbali.

Sasa niitupe jalalani? Hapana. Kwanza kuna wanakijiji. Ukiacha Brando na Ford, muvi imejaa Wajapani wenyewe waliocheza wanakijiji, na angalia nyuso zao kanali anapoamuru vitu vivunjwe, wanavyopokea amri kwa heshima na kuondoka nayo. Wanaificha nchi yao mbele ya macho ya mkubwa, na mkubwa anaomba mwenyewe irudishwe. Hilo ni tendo la kisiasa hata kama limefungwa kwenye utani, na kwa muvi ya Hollywood ya 1956, mwenyeji kushinda, msimulizi wa stori kuwa mwenyeji, na neno la mwisho kuwa lake, ni jambo. Mnaonionyesha muvi za siku hizi za wanajeshi na wenyeji nionyesheni ngapi zinampa mkalimani neno la mwisho. Mara nyingi mkalimani anakufa nusu saa ya kwanza.

Na geisha naye sijamsahau, dada zangu wakisoma barua hii wataniuliza. Lotus Blossom hana safari yake mwenyewe ndani ya stori, anatolewa zawadi, anapenda, anakataliwa kwa maneno matamu, anabaki. Fisby anamkataa kwa upole lakini ni yeye anayeamua. Nje ya kambi za kweli, mji wa Koza na kwingineko, mambo ya wanawake na askari hayakuwa ya kupepea pepea, na hasira ya hayo na ya mengine ndo iliyolipuka Desemba 1970 pale Koza, magari zaidi ya 70 ya Wamarekani yakachomwa usiku mmoja baada ya ajali ya barabarani. Hapo muvi imepwaya na siitetei.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Huyo msomaji aliyeandika, mfikishie kwamba klabu zinazoionyesha muvi hii ziendelee, ila kabla ya taa kuzimwa mtu asimame dakika chache awaambie watu habari za Iejima na za foleni ya kodi ya Naha, halafu waicheke Jeep na mbuzi wanavyotaka. Na kama mtakuwa na nafasi siku nyingine kwenye ukurasa wa kimataifa, hebu mwandishi wenu mmoja aandike makala nzima kuhusu Senaga, mimi nitainunua nakala yangu na ya jirani, maana yeye anasoma za bure kwangu kila asubuhi.

Msomaji wenu, mkalimani,
Morogoro